Maji ya Manjano Juu ya Damu

Ninyi mnaoingia maabara leo na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, nipeni muda kidogo. Mimi ni Bosibori. Nimepima damu za watu wa Nyamira na Kisii tangu nikiwa msichana mwembamba, na sasa nina wajukuu na goti la kulia linalojua mvua kabla ya redio. Sitawafundisha mashine, kwa sababu mashine zenu za siku hizi zinanishinda hata kuziwasha. Nataka kuwasimulia habari ya kitu nilichokimwaga maisha yangu yote, na jinsi nilivyokuja kujua kilikuwa kitu gani.

Mnajua damu ikizungushwa inavyojipanga ndani ya kichupa. Nyekundu inakaa chini, nzito, na juu yake yanabaki maji ya manjano, rangi ya mafuta ya kupikia. Kati ya hivyo viwili kuna utando mwembamba, mweupe-mweupe, ambao mtu mwenye haraka hauoni. Sisi tulichukua kiasi kidogo cha yale maji ya juu, tukapima tulichoagizwa, na yaliyobaki tukayamwaga kwenye ndoo ya klorini. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, na mimi sikuwahi kujiuliza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Onchiri, mtu mfupi, Msabato wa kweli, asiyecheka saa za kazi. Wakati huo stima, yaani umeme, ilikuja Nyamira ikipenda na kuondoka ikipenda, kwa hiyo tulikuwa na mashine ya kuzungusha damu kwa mkono, yenye mpini kama wa kusagia nyama. Unaifunga kwenye meza, unaweka vichupa, unazungusha mpaka bega linawaka. Onchiri alisimama nyuma yangu akisema, "Polepole, dada. Hiyo damu ni mtu." Nilidhani ni maneno ya kanisani. Baadaye nikaona ni ufundi mtupu, kwa sababu ukiishughulikia damu kwa pupa chembe zinapasuka, maji ya juu yanageuka mekundu na kipimo kimeharibika. Hata ninyi, mkishatoa damu, kigeuzeni kichupa taratibu, msikitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Sheria yake kubwa ilikuwa usawa. Kichupa kikikaa upande huu, kingine cha uzito uleule sharti kikae upande wa pili, hata kama ni cha maji matupu. Alituimbia wimbo huo kila asubuhi. Siku moja stima ikiwepo, alikuwa anabishana na karani juu ya uchaguzi, akaweka kichupa kimoja peke yake na kuwasha mashine kubwa. Ile mashine ilitetemeka, ikaanza kutembea juu ya meza, ikashika njia ya ukingoni. Onchiri akairukia na kuikumbatia kifuani mpaka ilipokata pumzi. Alipoinuka miwani ilikuwa imening'inia kwenye sikio moja. Akanitazama bila hata kutabasamu akasema, "Umeona? Ndiyo maana huwa nawaambia."

Sukari tuliipima kwa kuchemsha mkojo pamoja na dawa ya buluu. Ikibaki buluu, mtu anaenda zake nyumbani. Ikigeuka kijani, unaanza kumwonea huruma. Ikifika rangi ya tofali, hakuna cha kuzungumza. Nakumbuka mzee mmoja kutoka Ikonge ambaye wake ulitoka tofali kabla hata haujachemka vizuri. Alikuwa mtu wa nyumba yetu, na mwanawe ndiye ninayetaka mumjue, lakini kwanza niwaambie nilivyofika kwenye kliniki.

Nilistaafu serikalini, nikarudi nyumbani kulinda ndizi zangu, na haukupita muda nikachoka. Ndipo Daktari Makori akanitafuta. Ni kijana wetu, wa ukoo nilikoolewa. Alisomea magonjwa ya wanaume akarudi kufungua kliniki mjini Kisii. Alitaka mtu wa mkono mtulivu wa kumshughulikia damu siku chache kwa wiki. Asubuhi ya kwanza nilizungusha kama nilivyozoea, nikashika kichupa nielekee sinki, akanizuia.

"Mama, nyekundu ndiyo tutakayomwaga. Hayo ya manjano tunayahifadhi."

Nilifikiri amechanganyikiwa kwa kukosa chai. Akavuta stuli akanieleza. Ndani ya yale maji, hasa karibu na ule utando, kuna chembe ndogo sana zinazokimbilia palipo na jeraha. Zikifika zinagandisha damu, halafu zinamwaga vitu vinavyoita mafundi wa mwili waje kujenga: ngozi, nyama, mishipa. Kwingine wanazitumia kwa magoti na kwa vidonda vilivyokataa kupona. Sasa watafiti wanajaribu kuona kama zinaweza kuwasaidia wanaume walioishiwa nguvu kwa sababu sukari au presha imeharibu mishipa midogo ya uume. Unamtoa mtu damu yake mwenyewe, unaizungusha, unachukua hayo ya manjano, halafu kwa sindano nyembamba unayarudisha mahali palipochoka.

"Na inafanya kazi?" nikauliza.

"Hatujui vizuri, Mama. Wengine wameona nafuu, wengine hapana. Ndiyo maana nina kibali cha utafiti na nawafanyia watu wachache tu. Na nawaambia hivyo kabla sijashika sindano."

Niliketi. Nilifikiria ndoo zote za klorini nilizowahi kubeba, nywele zikanisimama mikononi. Mtu anatembea na mafundi wake ndani ya mishipa, wanamtengeneza akiwa amelala, akiwa shambani, akiwa anagombana na jirani, na mimi niliyewashika kwa mikono yangu sikuwahi hata kuwasalimia. Siku ile nilikiinua kile kichupa kwenye mwanga wa dirisha nikakitazama kama msichana aliyeingia maabara jana. Sijaacha kustaajabu mpaka leo.

Sasa Momanyi. Mume wangu alikuwa kitindamimba wa mke wa tatu wa baba yake. Ndugu zake wa nyumba kubwa walikuwa wazee alipokuwa bado anachunga ndama. Kwa hiyo niliolewa nikiwa tayari nyanya. Siku ya harusi yangu waliniletea mtoto aliyeanza tu kutembea, amelowesha kaptula, wakaniambia huyu ni mjukuu wako, na kwa hiyo ni mume wako. Kwetu nyanya na mjukuu wa kiume hutaniana hivyo, hata kama wamepishana miaka michache tu. Mtoto huyo ndiye Momanyi. Tangu siku ile kila nilipokutana naye, sokoni au kanisani, nilimwita mume wangu, na yeye ananiita Magokoro, yaani nyanya.

Alipooa, nilimfuata bibi harusi jikoni nikamwambia amekuja kunipokonya mume. Anaitwa Kerubo, mtu wa Nyakoe, mchuna chai hodari, na mdomo wake haujawahi kukosa jibu. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Mchukue, Magokoro. Lakini umchukue na soksi zake, maana mimi nimezifua nimeshindwa." Nilimpenda kutoka siku hiyo.

Momanyi alirithi sukari ya baba yake. Nilimpima miaka mingi nikiwa bado hospitali ya serikali, mara iko chini, mara iko juu, kutegemea kama kuna sherehe. Basi asubuhi moja ya Jumatatu namwona ameketi kwenye benchi la kliniki yetu mjini, kofia iko mapajani, amekonda. Akaingia kwa Daktari Makori. Hakukaa sana. Alipotoka, daktari alinijia maabara akiwa anakuna shingo.

"Mama, kuna mtu anasema miguu inamuuma. Nimemuuliza kila kitu. Kila nikifika mahali fulani ananijibu kwamba yuko sawa. Hayuko sawa. Lakini mimi ni mtoto wake."

Kwa mgeni niseme jambo hili. Kwetu kuna kitu tunakiita chinsoni, yaani ile haya ya heshima. Mambo ya kitandani hayatamkwi kati ya mzazi na mtoto, na mzazi si yule aliyekuzaa tu, ni kila mwanaume wa rika la baba yako katika ukoo. Makori alikuwa amempokea Momanyi kwa adabu zote, akasimama, akamwita tata, yaani baba, kama alivyolelewa. Kwa neno hilo moja akawa ameufunga mdomo wa mgonjwa wake. Kama angekuwa daktari mgeni kutoka pwani, pengine mambo yangekuwa rahisi. Lakini kati ya nyanya na mjukuu haya hiyo haipo kabisa. Makori alilijua hilo, na hakuniambia anashuku nini, kwa sababu jambo la tata yake hakuweza kulitamka hata kwangu mimi. Alisema tu, "Nimeandika atolewe damu. Mtoe wewe."

Mkono wa mkulima wa chai una mishipa mizuri lakini ngozi ni ngumu, kwa hiyo usidunge kwa woga, utamuumiza mara mbili. Nilimfunga mpira, nikamsugua, nikaanza utani wangu ili asiangalie sindano.

"Mume wangu, mbona siku hizi hata salamu hunipi? Kerubo amekumaliza?"

Kichupa kikajaa. Kisha akasema, akitazama ukuta, "Magokoro, hakuna kilichobaki cha kumaliza."

Nilimtazama usoni nikaona si utani. Nikafunga mlango.

Akanieleza yote. Nguvu zilianza kumtoka pole pole, halafu zikaondoka kabisa. Alinunua vidonge kwenye duka la mtu asiyemuuliza chochote, vikampa kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Akaanza kulala kwenye chumba cha mahindi akisingizia kwamba anakoroma. Kerubo alipouliza, Momanyi alinyamaza. Alipouliza tena, mumewe alifoka. Mwanamke akiona mume anahama kitanda bila sababu, atafikiri nini? Akafikiri kama mnavyofikiri. Sasa alikuwa amesema anarudi kwa kaka zake Nyakoe, na alikuwa amewaita wazee wa nyumba, nao wamepanga kukaa Jumapili ili Momanyi ajibu.

"Anasema nina mwanamke."

"Unaye?"

"Sina. Lakini nitasema ninaye."

Nilikuwa nashikilia pamba kwenye mkono wake, nikasahau kuiachia.

"Utasema unaye wapi?"

"Nimemweka Keroka. Nitakiri, nitaomba msamaha, wanitoze mbuzi, yaishe."

"Anaitwa nani huyo wa Keroka?"

"Sijampa jina bado."

Ningecheka, na Mungu ananiona, kama si uso wake. Nikamwambia ukweli ni mwepesi kuliko mwanamke wa kutunga. Akatikisa kichwa. "Pale watakaa baba zangu wadogo. Watakaa watoto wa kaka zangu. Mzinzi watamkemea, kesho wamemsamehe. Huyu mwingine watamfanyia nini?"

"Na Kerubo akiondoka?"

"Akiondoka, ataondoka akijua alikuwa na mume."

Nimesikia mengi kwenye kiti kile cha kutolea damu. Sijasikia jambo lililonichoma kama hilo. Mtu alikuwa tayari kumpoteza mke anayempenda kwa kosa ambalo hakulifanya, ili tu asilitaje jambo ambalo halikuwa kosa hata kidogo. Nikamwomba ruhusa nimwambie daktari. Alifikiria sana, akasema, "Mwambie. Lakini asinitazame."

Basi tulifanya kazi ambayo hamtaifundishwa chuoni. Tuliketi watatu katika chumba kimoja. Daktari aligeuza kiti akatazama dirisha. Momanyi alitazama sakafu. Mimi nilikaa katikati, na maneno yote yalipita kwangu ingawa kila mtu alikuwa anasikia kila kitu.

"Mama," daktari akaliambia dirisha, "mwambie mgeni wetu huu si udhaifu wake. Sukari imechosha mishipa na neva. Mahali damu ilipopaswa kujaa, haifiki."

"Umesikia, mume wangu?"

"Nimesikia. Magokoro, muulize kama inatibika."

"Mwambie kuna mengi ya kujaribu. La kwanza ni sukari ishuke, atembee kila siku, na vidonge nimpe mimi baada ya kumpima moyo, vile vya dukani aviache. Kuna mashine ya mawimbi inayogonga taratibu kutoka nje ili kuamsha mishipa mipya, nayo bado tunaichunguza. Halafu kuna ile ya damu yake mwenyewe. Hizo mbili siwezi kumwahidi."

Momanyi akajikuna kidevu. "Magokoro, muulize kuhusu seli shina. Kuna watu walikuja na gari Nyamira, wanauza pakiti za unga. Nimekuwa nikikoroga kwenye uji."

Mabega ya daktari yakatikisika pale dirishani. Akajikaza. "Mwambie seli shina za kweli, zile chembe changa zinazoweza kukua zikawa sehemu yoyote ya mwili, bado ziko mikononi mwa watafiti, na haziji kwenye pakiti. Huo ni uji wenye ladha ya matunda."

"Nilikuwa naupenda, lakini," Momanyi akasema, na hilo lilikuwa neno la kwanza la furaha nililolisikia kwake asubuhi ile. Daktari akamaliza kwa kusema kwamba hamwingizi mtu kwenye utafiti wake kabla mke hajaelezwa, na atakayemweleza ni mume mwenyewe. Momanyi hakukataa. Aliniomba tu nimwite Kerubo aje Alhamisi, nisiseme kwa nini.

Nilikwenda Ikonge kesho yake. Nilimkuta Kerubo katikati ya chai, kikapu kiko mgongoni, mikono inakwenda yenyewe. Nikaanza na salamu yetu ya zamani.

"Mume wangu yuko wapi?"

Hakugeuka. "Mchukue, Magokoro. Mchukue na soksi zake. Safari hii sitanii."

Nikamwambia anatakiwa kliniki Alhamisi, pamoja na mumewe, kwa mambo ya damu. Mikono yake ikasimama. Hapo nikajua jinsi maneno yangu yalivyosikika masikioni mwake. Akanigeukia, uso umebadilika rangi.

"Ana ule ugonjwa?"

Ninyi mnaojua kiapo cha kazi yetu mnaelewa nilivyobanwa. La mgonjwa ni la mgonjwa. Nikamwambia, "Mwenyewe atakuambia." Alivua kikapu akakiweka chini, akaketi hapohapo juu ya udongo. Nilijiandaa kwa matusi. Alichosema, kwa sauti ndogo, ni hiki:

"Kama ni ule, basi siendi Nyakoe. Nani atampikia?"

Nimetazama damu kwa darubini nikastaajabia vilivyomo. Lakini mwanamke aliyekuwa amefunga mizigo kwa hasira, akidhani ameletewa kifo nyumbani, kitu cha kwanza kumjia kikawa chakula cha yule anayedhani amemletea. Hilo sijaona darubini ya kulipima. Nilimshika mkono nikamwinua, na tukamalizia mstari ule wa chai pamoja, kila mtu na mawazo yake.

Alhamisi walikuja wakiwa wamepishana hatua kadhaa barabarani kama watu wasiojuana. Siku ile hatukuwa tunadunga mtu chochote, ilikuwa vipimo tu. Nilimtoa Momanyi damu, nikaweka kichupa chake, nikaweka cha maji upande wa pili, nikafunga kifuniko. Kerubo alisimama kando, mkoba ameubana kifuani.

Mashine ikichanganya mwendo, chumba hujaa mvumo. Si kelele kubwa, lakini inatosha mtu aseme neno likasikika na aliye karibu naye tu. Nilikuwa nimelijua hilo miaka yote bila kulitumia. Nikawasha, nikamtazama Momanyi, nikawageuzia mgongo na kuanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Sijui alisema nini. Sikuuliza na sitauliza. Nilisikia sauti yake inaanza na kukatika, inaanza tena. Halafu nikasikia mvumo peke yake kwa muda mrefu, na mashine ikapungua, ikasimama. Nilipogeuka, Kerubo alikuwa amemshika mumewe kwenye mkono wa shati, kwa ngumi, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hana habari nayo.

"Magokoro," akaniambia, "kumbe nilikuwa naionea wivu sukari."

Nilitoa kichupa nikakiinua dirishani. Nyekundu chini, manjano juu, na ule utando katikati. Nikawaonyesha. Nikawaambia haya ya manjano ndiyo yenye mafundi, na ni yake mwenyewe, amezaliwa nayo. Kerubo alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Haya yote yalikuwa ndani yake?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akatazama kichupa, akamtazama mumewe, akakitazama kichupa tena. Daktari Makori alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuangalia dirisha.

Jumapili wazee walikaa kama ilivyopangwa. Nilikuwepo, maana nyanya hanyimwi kiti. Mwenyekiti, baba mdogo wa Momanyi, alikohoa akamtaka kijana ajibu mashtaka. Momanyi akainuka. Kabla hajasema, Kerubo akasimama mbele yake.

"Mimi ndiye niliyeita kikao, na mimi ndiye ninayekifunga. Hakuna mwanamke. Tumezungumza, tumemaliza."

"Mmezungumza nini?" mwenyekiti akauliza. "Watu wametoka mbali."

"Mambo ya nyumba yangu, tata. Na chakula kiko tayari."

Wazee walitazamana. Kesi nzuri ilikuwa imewatoroka, lakini harufu ya kuku na mboga za chinsaga ilikuwa imefika. Walikula ugali wa wimbi wakaumaliza, wakaombea nyumba baraka, wakaenda. Yule mwanamke wa Keroka akafa bila jina.

Yaliyofuata yalichukua miezi, na hayakuwa muujiza wa kupaza sauti kanisani. Sukari ilishuka kwa shida. Kerubo aliondoa soda nyumbani na kumtembeza mumewe kila jioni mpaka majirani wakaanza kuulizana. Vidonge vilipimwa upya. Na ilipofika siku ya damu, nilimzungushia mimi mwenyewe, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa kasi zaidi, nikayachukua yale ya manjano bila kumwaga hata tone. Nilimkabidhi daktari nikatoka nje. Kuna mambo hata nyanya hutoka.

Nilimuuliza Makori baadaye ni nini hasa kilichofanya kazi, kama kimefanya. Vidonge, kutembea, ile damu, au kule kulala tena chumba kimoja bila woga? Aliniambia hajui, na hatajifanya anajua. Alisema mmoja aliyetibiwa vilevile hakupata chochote. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo. Ninyi pia mkija kuulizwa, na mtaulizwa, maana watu wenye magari na pakiti za unga wanaongezeka, msiseme msichokijua. Semeni kipo, kinachunguzwa, na mtu aanze kwa daktari. Halafu mwangalieni vizuri aliyeuliza, kwa sababu mara nyingi hajaulizia rafiki yake kama anavyodai.

Jambo hili nimeliandika kwa ruhusa yao, majina nimeyabadilisha. Nilikwenda kuwaomba ruhusa hiyo kwenye kituo cha kununulia majani chai pale Ikonge, mchana mmoja, foleni ndefu, watu wamechoka. Momanyi alikuwa amebeba kikapu, amenenepa shingo, kofia ameivaa upande. Kerubo alikuwa mbele yake anangoja mizani. Nikapaza sauti kama kawaida yangu ili foleni yote isikie.

"Mume wangu, habari za nyumbani?"

Momanyi akainamisha uso, lakini niliona meno. Kerubo ndiye aliyegeuka. Alitua kikapu, akajifuta mikono kwenye leso, akaja mpaka karibu nami.

"Magokoro," akasema, "tangu niolewe nakuambia umchukue. Leo nakukataza. Huyu ana mwenyewe."

Foleni ikacheka bila kujua inacheka nini. Mimi nilijua. Tangu siku ile namwita Momanyi kwa jina lake.